Mgeni Aliyeshindwa Mara Kumi na Nne

Fundi Salvatory alibandika karatasi kwenye mlango wa karakana yake Jumatatu asubuhi, akaikomelea kwa misumari minne, mmoja kila pembe, kana kwamba upepo wa Bariadi ulikuwa na ugomvi naye. Iliandikwa kwa wino wa bluu, kwa mwandiko ule mzuri wa makarani wa zamani: "Wachezaji wote wa Zizi mnatangaziwa kuwa kuanzia leo fisi ataruka mara moja tu, si mara mbili. Mabadiliko haya yanafanyika kwa ajili ya usawa, kufuatana na takwimu za mtengenezaji." Chini akatia sahihi, na juu ya sahihi akapiga muhuri wa karakana wenye picha ya randa. Akarudi nyuma hatua mbili kuisoma, na moyo wake ukamwambia: mwongo wewe.

Moyo ulimwonea kidogo. Karatasi ile haikuwa na neno hata moja la uongo, na kila neno lilikuwa limechaguliwa na mtu aliyekuwa anaficha jambo.

Zizi ulikuwa mchezo wake mwenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja Salvatory alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, hadi wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa, chama kikakosa mzigo, na makarani wakapewa barua za kupunguzwa kazini. Akarudi kwenye useremala aliofundishwa na baba yake. Lakini watu hawanunui makabati kila siku, na siku moja, mikono ikimwasha kwa kukosa kazi, alichukua kipande cha plaiwudi kilichobaki, akakichora mistari kwa nondo ya moto, akatafuta vizibo kumi na viwili vya soda, akachonga kete mbili nyeusi za mpingo. Vizibo ni ng'ombe, kete nyeusi ni fisi. Ng'ombe wanavuka ubao kwenda zizini. Wakiingia saba, mchungaji ameshinda. Fisi anakula kwa kumruka ng'ombe, kama kwenye drafti, na akipata nafasi anaruka mara mbili kwa mkupuo. Akila sita, mwenye fisi ameshinda. Basi, ni huo tu. Mtoto wa darasa la pili anauelewa, na watu wazima wakiuanza wanasahau kwenda kula.

Mchezo ulipendwa kuliko alivyotegemea. Vibao vya Zizi vilianza kwenda Maswa, vikaenda Zagayu, na kibaraza cha karakana kikawa hakikosi watu kumi. Kila mchezo uliochezwa pale Salvatory aliuandika katika daftari kubwa jeusi: tarehe, nani ameshika fisi, nani ameshika ng'ombe, nani ameshinda. Hakuna aliyemtuma. Ukarani ulikuwa umeshamwingia kwenye damu.

Ila alifanya kosa moja, ambalo Mzungu au Mchaga angelifanya bila kulijutia kama alivyolijutia yeye Msukuma. Yule mlaji alimwita fisi. Angemwita chui au mwizi, pasingekuwa na neno. Lakini huko kwetu fisi ni mnyama ambaye watu huuliza ni wa nani. Kuna watu wanaoamini mpaka leo kwamba wapo wachawi wanaomfuga kwa siri na kumpanda wakienda kwenye shughuli zisizosemwa. Kwa hiyo tangu mwanzo wanaume wenye miji yao hawakutaka kuonekana wameshika fisi. Walicheka, wakasema ni mzaha tu, na kila mmoja akakimbilia ng'ombe.

Na ndivyo fisi walivyomwangukia Nyanjige.

Nyanjige alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Nassa, aliyeuza ubwabwa na chai kwenye banda lililotazamana na karakana. Kuni za miaka ishirini zilikuwa zimeyafanya macho yake kuwa mekundu, na huko macho mekundu ya mjane huleta maneno ya uchawi. Siku moja alivuka barabara kukusanya vikombe vyake, wanaume wakamtania, "Mayu, hebu kaa ucheze, shika fisi." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na walimwita hivyo kwa heshima, ila mzaha ulikuwa mzaha. Akakaa, vikombe mapajani. Baada ya robo saa alikuwa amekula ng'ombe sita wa Mboje, fundi wa baiskeli, na Mboje alikuwa anakitazama kile kibao kama anayetafuta shilingi iliyoanguka.

Toka siku hiyo alicheza kila alipopata nafasi, na karibu kila mara walimpa fisi. Katika michezo sabini na miwili alishindwa mara tatu tu, na mwenyewe alisema hizo mara tatu ubwabwa ulikuwa unaungua.

Salvatory naye alicheza naye. Alichagua nyakati ambazo watu wameondoka, saa tisa za jua kali au siku za mvua, maana mtengenezaji wa mchezo hawezi kukubali watu wamwone anafundishwa mchezo wake na mpika ubwabwa. Mara ya kwanza aliposhindwa alifungua daftari, akaandika "Fisi: Nyanjige", na alipofika kwenye jina la aliyeshika ng'ombe kalamu ikasita. Akaandika "Mgeni". Alijiambia atasahihisha kesho. Kesho yake alishindwa tena, na Mgeni akashindwa tena, hadi Mgeni yule akawa ameshindwa mara kumi na nne bila kushinda hata mara moja.

Baada ya ile ya kumi na nne ndipo fundi wetu alipokaa chini kujumlisha. Michezo yote ilikuwa mia mbili na arobaini. Fisi alikuwa ameshinda mia moja na arobaini na miwili, ng'ombe tisini na minane. Fisi anashinda karibu mara sita katika kila kumi! Alifurahi, na furaha yenyewe ilimtia haya alipoikumbuka baadaye. Kwa kuwa alikuwa karani mzuri, alifanya pia hesabu ya pili, ile ambayo hakutaka kuifanya. Akaitoa michezo ya Nyanjige, akaijumlisha iliyobaki. Fisi themanini na mitatu, ng'ombe themanini na mitano. Mchezo ulikuwa sawa kabisa. Tena katika michezo michache ambayo Nyanjige aliachiwa ng'ombe, kumi na miwili kwa jumla, alikuwa ameshinda kumi na mmoja. Fisi hakuwa na kosa lolote. Kulikuwa na mwanamke mmoja anayejua kucheza, na mwanamume mmoja asiyeweza kuvumilia.

Akalifunga daftari, akalitia kwenye kasha la vifaa chini ya misumeno, akaenda kuandika ile karatasi.

Siku ya gulio alifika mzee Luhende kutoka Zagayu, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache, ambaye alikuwa amenunua vibao viwili kwa ajili ya wajukuu na kuvicheza mwenyewe. Mwalimu Kristofa wa shule ya msingi alimsomea tangazo. Mzee akalisikiliza lote hadi muhuri, kisha akaingia ndani.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mzee. Mhola?"

"Mhola duhu. Hizo takwimu ziko wapi?"

"Zipo kwenye daftari."

"Lete tuzione, ng'wanawane." Alimwita mwanangu bila ukali wowote. "Siku hizi tukipeleka pamba tunazunguka hadi mbele ya mizani. Zamani ninyi makarani mlikuwa mnaitazama peke yenu, mnataja namba, sisi tunaitikia. Sasa mnunuzi anaigeuza, tunasoma wenyewe, na asiyejua kusoma anakuja na mwanawe. Geuza na wewe."

Waliokuwa kibarazani walicheka. Salvatory alisikia masikio yakimwaka moto. Angeweza kulitoa daftari pale pale. Lilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Lakini aliliona lile neno Mgeni likimngoja ndani, mistari kumi na minne, na mdomo wake ukatafuta pa kukimbilia ukapapata.

"Mzee Luhende," alisema, "nikija Zagayu nikakuambia uwatoe ng'ombe wako wote tuwahesabu mbele za watu, utakubali?"

Huko hakuna mtu anayehesabiwa zizi lake hadharani. Hata bwana mifugo huuliza kwa kuzungukazunguka, kisha anaandika alichoambiwa bila kubisha. Luhende alikuwa mtu mkweli, akajibu kwa ukweli.

"Nisingekubali."

"Basi daftari hili ndilo zizi langu."

Watu wakapiga makofi. Ilionekana jibu la mtu mwenye akili. Mzee Luhende peke yake hakucheka. Aliichukua fimbo yake na kusema, "Ila zizi langu halimpangii jirani sheria," akatoka. Salvatory akainama kwenye ubao aliokuwa anauranda. Baba yake alikuwa mfugaji, na desturi ile aliifundishwa angali mdogo kwa ajili ya kuwalinda ng'ombe na macho ya watu. Sasa alikuwa ameitumia kama shuka la kufunikia ujinga wake. Kama baba yake angekuwa hai asingemwangalia usoni.

Angekuwa na bahati, mambo yangeishia hapo. Lakini watu waliambiwa kuna kitu ndani ya daftari na wakaambiwa hawawezi kukiona, na Bariadi si mji unaoweza kulala na swali namna hiyo. Mboje ndiye aliyeanza. Alikuwa ameshindwa na Nyanjige mara ishirini na mbili, na mtu akishindwa mara ishirini na mbili huanza kutafuta sababu mbali na kichwa chake.

"Hamjiulizi?" alikuwa akisema huku anaziba pancha pale pale kibarazani. "Fundi amempunguza fisi nguvu. Halafu anaficha daftari. Ameona nini mle? Hapa kwetu fisi ni wa nani?"

"Wa mayu," mmoja alijibu, akicheka.

"Mimi sikutaja mtu. Lakini yale macho mmeyaona?"

Salvatory aliyasikia maneno hayo kupitia dirishani. Randa ilikuwa mkononi. Aliiendesha mbele na nyuma juu ya ubao ambao tayari ulikuwa laini, akaiendesha hadi Mboje alipobadilisha mazungumzo. Sitaki kumtetea. Kutoka pale alipokuwa hadi dirishani palikuwa na hatua mbili, na sentensi moja ingetosha.

Zamani sufuria ya Nyanjige ilikuwa tupu ifikapo saa saba mchana. Baada ya tangazo, ilifika saa kumi bado ina wali. Wateja hawakumgombeza. Walimsalimia vizuri, wakapita, wakaenda kula kwa mwingine. Halafu asubuhi moja akakuta kizingitini pa banda kete mbili nyeusi zimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu. Kila mzaliwa wa huko anajua ujumbe wa namna hiyo unaelekea wapi, na anajua yaliyowapata wajane waliopuuza ujumbe wa kwanza.

Felisita, mkewe Salvatory, ndiye aliyeleta habari nyumbani baada ya sala ya jumuiya. Alivua mtandio, akaukunja polepole.

"Baba Precious, mayu Nyanjige amenionyesha zile kete. Ni za vibao vyako?"

"Vibao vyangu viko nyumba nyingi."

"Anataka kurudi Nassa kwa kaka yake. Anasema atangoja tu mashindano ya Zizi ya msimu wa pamba. Anataka acheze mchana, mikono imekunjuliwa hadi viwikoni, watu wote wamwone kwamba hana alichoshika. Akiona wamekubali, atabaki. Wasipokubali anaondoka." Akamtazama mumewe. "Mle kwenye daftari kuna nini juu yake?"

"Hesabu tu."

Felisita alikuwa katibu wa kwaya, na kusoma maandishi ya watu ilikuwa kazi yake. Kesho yake mumewe alipokuwa mjini kununua misumari, aliinua misumeno, akatoa daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Salvatory aliporudi alimkuta ameketi kwenye benchi la kurandia, daftari limefunguliwa magotini.

"Mgeni huyu ni nani?"

"Wapita njia. Wanakuja wengi."

"Jumapili ya Matawi mvua ilinyesha tangu tulipotoka kanisani hadi jioni. Mto ulifunga barabara ya Maswa, hakuna hata baiskeli iliyoingia mjini. Hapa umeandika Mgeni amecheza na Nyanjige mara tatu siku hiyo." Aliweka kidole kwenye mstari. "Mimi ndiye niliyekuletea koti kibarazani. Mlikuwa wawili."

Kuna aibu ya mbele za watu, ambayo alikuwa ameikimbia mwezi mzima. Hii ya mbele ya mkewe, mchana kweupe, katikati ya maranda, hakuwa amejiandaa nayo hata kidogo.

"Kwa ajili ya hili tu?" Felisita aliuliza. "Mtu afungiwe uzi mwekundu kwa ajili ya hili?"

"Nitasema."

"Lini?"

"Siku ya mashindano. Watu wote watakuwepo."

Felisita akamrudishia daftari. Hakugomba tena. Alimpikia kama kawaida, akamtengea maji ya kunawa kama kawaida, lakini siku zote tisa zilizobaki hakumtazama usoni, na Salvatory alikula akiwa ameinama kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mashindano yaliandaliwa na kampuni mpya ya kununua pamba, ufunguzi wa msimu, uwanjani nje ya ghala. Zawadi ilikuwa mtamba mweusi, amefungwa kwenye nguzo ili kila mtu amtamani. Wachezaji walikuwa thelathini na wawili. Nyanjige alikuja amevaa kitenge kipya, akaketi benchi la mbele, akakunja mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko, akaiweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu. Benchi lake lilikuwa na nafasi ya watu wanne. Alikaa peke yake.

Kabla hata vibao havijapangwa, Mboje alisimama.

"Tunaomba mama huyu asicheze."

"Kwa nini?" aliuliza msimamizi, kijana wa kampuni aliyetoka Mwanza na hakuelewa kitu.

"Fundi anajua," alisema Mboje.

Watu mia mbili wakageuka kumtazama Salvatory. Jambo baya zaidi ni kwamba Mboje alikuwa amesema kweli. Fundi alijua.

Mzee Luhende alijikongoja hadi mbele. "Fundi, nilikuuliza siku ya gulio ukanijibu kwa ng'ombe wangu. Sasa nakuuliza mara ya pili. Geuza mizani tusome."

Salvatory alikuwa na daftari kwapani. Akalifungua. Alisoma jumla ya michezo yote, kisha akasoma jumla bila michezo ya Nyanjige, themanini na mitatu kwa themanini na mitano. "Kwa hiyo fisi hana kosa," alisema. "Mchezo ulikuwa sawa. Hata akishika ng'ombe, mayu anashinda. Ameshika ng'ombe mara kumi na mbili, ameshinda kumi na moja." Akafunga daftari, akavuta pumzi. Alidhani amemaliza. Alidhani, maskini wa Mungu, kwamba amefanya ungwana kwa gharama nafuu.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mboje ndiye aliyejibu.

"Mmesikia wenyewe. Hata bila fisi anashinda." Akamnyooshea Nyanjige mkono wenye grisi. "Basi si fisi. Ni yeye mwenyewe."

Mnong'ono ukapita kwenye mabenchi. Wanawake wawili waliokuwa karibu na Nyanjige wakawavuta watoto wao. Salvatory aliona hesabu zake, hesabu sahihi zisizo na doa, zikigeuka mikononi mwa watu na kuwa kitu kingine. Kama angezibandika mlangoni siku ile ya kwanza, watu wangesema mayu ni hodari, wangemtania, wangekwenda kumwomba awafundishe. Sasa walikuwa wameshalala na hofu mwezi mzima, na walizisoma kwa hofu hiyo. Nyanjige hakuondoa mikono mezani.

Sauti ya Felisita ikatoka nyuma, upande wa kwaya.

"Soma na za Mgeni."

Salvatory alitamani ardhi ya Bariadi, ngumu vile ilivyo, ipasuke. Akafungua daftari tena, akasoma mstari mmoja mmoja. Tarehe, fisi Nyanjige, ng'ombe Mgeni, ameshinda Nyanjige. Tarehe, fisi Nyanjige, ng'ombe Mgeni, ameshinda Nyanjige. Alipofika wa saba watu walianza kuhesabu pamoja naye. Alipofika wa kumi na nne, mwalimu Kristofa akauliza kwa sauti, "Huyu Mgeni ni nani, jamani, asiyejifunza?"

"Ni mimi."

Akasema tena, maana mara ya kwanza haikusikika vizuri. "Mgeni ni mimi. Nilishindwa mara kumi na nne kwenye mchezo nilioutengeneza kwa mikono yangu, nikaona aibu kuandika jina langu. Nikamkata fisi ili nimkate yeye. Hana dawa. Nikimtolea ng'ombe mmoja mbele kama chambo, hamli. Anawarudisha fisi wake wawili nyuma, mlangoni pa zizi, anangoja, na mimi kila siku ninaswaga ng'ombe wangu upande mmoja kama mlevi. Anajua nitakachofanya kabla yangu, kwa sababu ninafanya kile kile. Ndiyo dawa yenyewe. Na nilipoulizwa, niliwadanganya kwa desturi ya baba zetu. Mboje aliposema macho, nilikuwa dirishani. Nilisikia. Nikaendelea kuranda."

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akafuata, halafu uwanja mzima ukalipuka, walimcheka fundi hadi wengine wakashika mbavu, na mtoto mmoja akaanza kuimba, "Mgeni! Mgeni!" Salvatory alisimama katikati ya kicheko kile, machozi yakimchuruzika, na aliona kwamba wale wanawake wawili wamewaachia watoto wao. Kicheko kilikuwa kinaifukuza ile hofu. Alimgeukia Nyanjige, akipiga magoti vumbini.

"Nisamehe, mayu. Msimamizi, mpange acheze. Kwa kanuni ya zamani."

Nyanjige alisimama. Alisubiri hadi kicheko kikaisha chenyewe.

"Inuka, fundi, utachafua suruali," alisema. Kisha akawatazama watu. "Leo mmeniamini kwa sababu mwanamume amesimama akasema nilimshinda kwa haki. Nashukuru. Lakini fundi si peke yake humo ndani. Nimecheza na wengi wenu. Kesho nikikosana na mmoja, au mtoto wa mtu akiugua, nani mwingine atasimama?"

Upepo ulipeperusha kipande cha pamba kutoka ghalani. Mzee Luhende, ambaye alikuwa amesimama tayari, aliinua fimbo yake. "Mimi mara tano," alisema. Mwalimu Kristofa akanyanyuka, uso umemwiva. "Mara nane, mayu. Kwa haki."

Nyanjige akaendelea kungoja. Salvatory alilishika daftari kifuani. Aliyajua majina yote ya waliowahi kushindwa naye, walikuwa kumi na tisa, na aliwaona mmoja mmoja walipokaa. Mmoja alifunga kamba za kiatu. Mwingine alimgeukia mtamba kana kwamba amemwona sasa hivi. Mboje alikuwa anafuta grisi kwenye vidole, kidole baada ya kidole, kwa uangalifu mkubwa.

"Wawili," alisema Nyanjige.

Akashusha mikono ya blauzi, akafunga vifungo, akaondoka. Hakucheza. Mtamba alichukuliwa na mtu wa Maswa, na Jumanne iliyofuata sufuria za ubwabwa zilipanda juu ya lori la Nassa, Felisita akizipokeza, Salvatory akizifunga kamba kimya kimya. Nyanjige alimshukuru kwa kamba. Juu ya mengine hakumwambia neno.

Fisi alirudishiwa mruko wake wa pili. Na tangu hapo, kila Salvatory alipogusa kanuni yoyote ya Zizi, hata ndogo, alibandika mlangoni hesabu zote zilizomfikisha hapo, ukurasa kwa ukurasa, majina ya walioshinda na walioshindwa, lake likiwa la kwanza. Watu walipita wakazitazama, wakasema fundi siku hizi ana karatasi nyingi, wakaingia kucheza. Aliyekuwa na haja nazo alikuwa Nassa.